Tumeonyeshwa nyumba yenye sura ya uyoga. Inakalika?

Swali: Mimi na mume wangu tunatafuta nyumba ya kununua. Wiki mbili zilizopita tulionyeshwa moja yenye sura ya uyoga. Chini ni duara kama shina, kipenyo mita 5 kwa ndani. Juu kuna kofia yenye chumba kimoja cha kipenyo cha mita 6, ambacho ukuta na dari ni kitu kimoja, kuba tupu kutoka sakafuni. Madirisha ni ya mviringo na ngazi ni ya kuzunguka. Mwenyewe anasema aliijenga kwa waya na saruji, na mwezi uliopita ameipaka rangi upya. Watoto wetu wawili wameshagombania nani alale juu, na mume wangu yuko upande wao. Dada yangu anasema tutakuwa tunaishi ndani ya mchoro wa kitabu cha watoto, na mwaka hautaisha kabla hatujajuta. Je, nyumba ya namna hii inakalika? Niangalie nini kabla ya kutia saini?

Jibu: Dada, inakalika. Mimi mwenyewe nimekaa miaka mitatu kwenye kuba la kupanga, na katika kazi hii ya kukagua majengo nimeingia nyumba za duara, za pembe nane, na moja ambayo kwa mbali ungeapa ni buli la chai. Wengi niliowakuta humo walikuwa wanaishi vizuri tu. Waliokuwa wanateseka, shida yao ilikuwa pale sura ya nyumba inapokutana na vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya pembe nne: kabati, kioo cha dirisha, godoro, hata fomu ya benki. Plaiwudi hutoka kiwandani ikiwa sentimita 122 kwa 244, na aliyeitoa hakuwa anafikiria uyoga. Kila mviringo unapokutana na mstatili panabaki pengo, na kuna mtu atakayelilipia. Ama mjenzi alishalilipia alipokuwa anajenga, ama anakuachia wewe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa nyumba yoyote ya ajabu huwa ni hili: ilijengwa itazamwe au ikaliwe? Iko nyumba ya kiatu huko Hellam, Pennsylvania, Marekani, iliyojengwa mwaka 1948 na mfanyabiashara wa viatu aliyeitwa Mahlon Haines. Inasemekana alimpa msanifu buti na kumwambia amjengee nyumba inayofanana nalo. Sebule iko kwenye vidole, jiko kwenye kisigino, vyumba vya kulala kwenye kifundo cha mguu. Inapendeza, lakini ilikuwa tangazo la biashara, na aliowakaribisha kulala humo walikuwa wageni wa siku chache. Linganisha na nyumba ya konokono aliyoisanifu Javier Senosiain karibu na Jiji la Mexico, iliyokamilika mwaka 2006. Ukiitazama kwa nje utadhani ni mzaha mkubwa kuliko kiatu, ila ilijengwa kwa ajili ya familia yenye watoto wawili, na makochi na sehemu za kuhifadhia vitu vimefinyangwa pamoja na kuta. Huyo alilipia pengo mapema. Mwenye uyoga wako, muulize alikaa humo miaka mingapi, na msimu gani. Kama alikuwa anakuja wikiendi tu, chukulia kwamba nyumba haijawahi kujaribiwa.

Sasa chumba cha juu, maana umenipa vipimo na hesabu yake haina huruma. Kuba la kipenyo cha mita 6 linaloanzia sakafuni lina sakafu ya mita za mraba 28, na hizo ndizo dalali atakazokuandikia. Ila ukuta unaanza kuinama palepale chini. Mtu wa sentimita 180 anaweza kusimama wima ndani ya duara la kipenyo cha mita 4.8 tu, yaani mita za mraba 18. Zaidi ya theluthi ya chumba unacholipia ni mahali pa kuinama au kutambaa. Mtoto wa sentimita 120 yeye anasimama kwenye mita za mraba karibu 24, ndiyo maana watoto wamekiona chumba kikubwa kuliko ulivyokiona wewe. Hawakukosea.

Nenda tena na futi ya kupimia. Wenye makuba wengi husema "linaanzia sakafuni" kumbe fundi aliinua kwanza ukuta mfupi. Ukuta wa wima wa mita moja tu chini ya kuba hilohilo humrudishia mtu mzima mita za mraba 26 kati ya 28. Kama upo, chumba ni kizima. Kama haupo, mpe mwenye nyumba bei ya mita 18, na umwonyeshe hesabu bila aibu. Hata wasanifu wakubwa hawakuikwepa. Zile nyumba za Piet Blom pale Rotterdam, Uholanzi, zilizokamilika mwaka 1984, ni miche mraba iliyosimamishwa kwa ncha juu ya nguzo. Kila moja ya kawaida ina sakafu ya mita za mraba kama 100, na robo yake haitumiki kwa sababu ya kuta zilizolala. Watu wanakaa humo mpaka leo. Walijua wananunua nini.

Kabati nalo. Duara la mita 5 ukiliegemezea kabati la upana wa mita 1.8, kona zake mbili zitagusa ukuta na katikati patabaki pengo la sentimita 17. Humo mtaingia vumbi, soksi, na siku moja panya. Ukilikata kabati hilo kuwa matatu ya sentimita 60 kila moja na kuyapanga yakifuata mviringo, pengo linashuka hadi sentimita 2. Ndiyo siri nzima ya samani katika nyumba ya duara: vipande vyembamba vingi. Kwa rafu ya kukaa ukutani kabisa, seremala asipime kwa futi. Achukue kadibodi, aisogeze karibu na ukuta, ashike kalamu ikiwa imebanwa kwenye kijiti kifupi, kisha aburute kijiti ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho huku kalamu ikichora kwenye kadibodi. Atakachokata kitakaa kama kimezaliwa hapo. Usimkubali seremala anayekuambia "duara ni duara tu". Duara la kujengwa kwa mikono lina matumbo na mabonde, na hakuna sehemu mbili zinazofanana.

Msonge wa kale ulikuwa na akili, hilo niliseme pembeni. Uliishi vizuri na mviringo kwa sababu haukuwa na kabati. Vitu vilining'inizwa, na katikati, penye urefu, ndipo watu walisimama. Ukitaka kuishi vizuri kwenye chumba chako cha juu, nakili hapo: magodoro na masanduku ya chini yaende pembezoni kwenye mwinamo, katikati pabaki wazi. Picha usijisumbue. Ukiipigilia juu ya ukuta unaokuinamia, itaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

Nimeliacha paa mpaka hapa kwa sababu ndilo lenye mengi, na ndipo pesa zako zitakapookolewa au kuzama.

Nyumba ya kawaida ina kuta, na ina paa linalozifunika na kutokeza nje. Kuba halina kuta. Lote ni paa, na kila dirisha ni tundu kwenye paa. Buckminster Fuller, Mmarekani aliyepata hataza ya kuba lake la pembetatu mwaka 1954, alijengewa nyumba ya namna hiyo mjini Carbondale, Illinois, mwaka 1960. Vipande vya mbao viliunganishwa kwa saa saba tu. Siku moja nyumba! Vijana wengi wakaiga, na Lloyd Kahn akawachapishia miongozo ya kujenga makuba mwaka 1970 na 1971. Kisha Kahn mwenyewe akasitisha uchapishaji wa mwongozo ule, ingawa ulikuwa unauzika, kwa kuwa alishaona matokeo: viungo vingi mno, kila kimoja kinatanuka juani na kusinyaa usiku, na mpira wa kuzibia ukichoka maji yanapita. Nami katika kuba langu la kupanga nilikuwa na ndoo nne zenye mahali pake maalumu. Nilizijua kwa mlio.

Uyoga wako una nafuu mbili. Ya kwanza, waya na saruji ni ganda moja lisilo na viungo vya pembetatu. Ya pili ndiyo inayonifanya niupende: una kofia. Kofia ya mita 6 juu ya shina la mita 5 inatokeza karibu nusu mita pande zote, na kwa hiyo shina, ambalo lina mlango na madirisha yenu ya chini, linakaa pakavu. Katika sura zote za ajabu nilizoziona, uyoga ni mojawapo ya chache ambazo mvua ingezichora yenyewe kama ingeulizwa.

Lakini piga goti chini ya kofia utazame upande wa chini wa ukingo. Maji hayadondoki yakifika ukingoni. Hujishikiza kwenye saruji, hugeuka, hutambaa kwa chini kurudi ukutani. Fundi mzuri huacha mfereji mwembamba kama kidole, unaozunguka kofia nzima kwa upande wa chini, karibu na ukingo. Tone likiufikia, linashindwa kuvuka, linaanguka. Ukiuona mfereji huo, mjenzi alikuwa anajua anachofanya, na huenda mengine pia aliyajua. Usipouona, tafuta michirizi pale shina linapokutana na kofia. Ndipo maji yanapoishia.

Hapo ndipo rangi mpya inanitia wasiwasi. Huenda aliipaka kwa nia njema, kila muuzaji hupaka. Ila rangi huficha kitu kimoja ninachotaka kukiona, nacho ni kutu. Ukuta wa waya na saruji ni mwembamba, mara nyingi sentimita 3 hadi 5, na waya umefunikwa kwa milimita chache tu. Unyevu ukiufikia, waya unashika kutu, kutu inavimba, na saruji inabanduka kutoka ndani huku kwa nje ikionekana nzima. Chukua sarafu nzito au mpini wa bisibisi, gonga ganda lote unapoweza kufika, hatua kwa hatua, kama mtu anayechagua nazi au tikiti. Saruji nzima hujibu kwa mlio mkavu, mfupi. Iliyobanduka hujibu kwa mlio wa mtungi mtupu. Zungushia chaki kila penye mlio wa mtungi. Mabaka mawili matatu madogo ni kazi ya siku chache. Yakiwa yamefuatana kuzunguka utosi wa kofia, au chini ya kila dirisha, waya umeliwa, na rangi yake haitakusaidia.

Nyufa nyembamba kama unywele zisikutishe, saruji yote inazo. Ufa unaoingiza ukingo wa sarafu, au unaoshuka kutoka kona ya mlango hadi msingini, chora kwa kalamu ya risasi mstari unaoukatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili, andika tarehe, rudi baada ya wiki kadhaa. Nusu mbili za mstari zikiachana, nyumba inatembea. Na jambo la mwisho kuhusu maji: nenda siku mvua inaponyesha, au umwombe mwenyewe akuruhusu kuipigia kofia maji ya bomba kwa saa nzima, wewe ukiwa ndani na tochi. Muuzaji anayekataa hilo amekujibu.

Sauti. Hili hakuna dalali atakayekutajia. Ukuta wa duara hubeba mnong'ono. Katika kanisa kuu la St Paul's mjini London kuna roshani ya duara chini ya kuba ambapo mtu akinong'ona karibu na ukuta, mwenzake aliye upande wa pili anasikia, kwa sababu sauti hutambaa kufuata ukuta badala ya kutawanyika. Kuba dogo la nyumbani hufanya hivyohivyo, tena ukisimama katikati kabisa sauti yako mwenyewe inakurudia masikioni kama mtu anakuiga. Mimi na mke wangu tulikuwa na ugomvi mmoja wa chinichini kuhusu mgeni aliyekuwa amekaa siku nyingi, tukiwa tumejibanza upande wetu. Asubuhi mgeni akafungasha. Tuliona haya wiki nzima. Dawa ni kuvunja mviringo na kuweka vitu laini: zulia nene, mapazia mazito, rafu za vitabu zenye vina tofauti, kitambaa kilichoning'inizwa chini ya utosi. Mtapunguza, hamtamaliza. Watoto wawili wakilala kofiani, kila hadithi yao ya usiku mtaisikia, na wao zenu.

Ukiwa ndani toa simu uangalie mtandao. Wavu wa waya kuzunguka nyumba nzima huzuia mawimbi, na kuna nyumba za namna hii ambazo simu inashika vizuri mlangoni kisha inakufa hatua mbili ndani. Inatibika kwa kuvuta waya wa intaneti na kuweka kisambazaji kila ghorofa, ila ni vyema ujue leo.

Joto hupanda likakaa utosini. Pawe na tundu la kulitoa juu kabisa, linalofunguka na lisiloingiza mvua, na dirisha la chini la kuingiza hewa baridi. Likiwepo, nyumba inapumua vizuri kuliko sanduku. Ganda la mviringo pia lina eneo dogo la nje la kupokea jua au kupoteza joto, na upepo mkali hauna ubapa wa kusukuma. Hizi ni sifa za kweli za kuba, nisije nikaonekana nimelisema vibaya tu.

Ngazi ya kuzunguka ipime upana, halafu upime godoro lenu na kitanda. Nimeona kitanda kikikatwa kwa msumeno nje ya mlango na kuunganishwa juu. Godoro hupinda, mgonjwa hapindi. Fikiria mtu aliyevunjika mguu kule juu, au mama mkwe akija kukaa. Na fikiria moto: chumba cha juu kina ngazi moja tu, kwa hiyo lazima dirisha mojawapo la mviringo lifunguke kikamilifu na mtu mzima aweze kupita. Madirisha ya mviringo mara nyingi yamejengewa kabisa, hayafunguki. Hapa sina mjadala. Kama hakuna linalofunguka, msilaze watoto juu mpaka fundi amelibadilisha. Mwambie pia mwenye nyumba akuachie kielelezo cha kila kioo, kimechorwa kwenye kadibodi. Siku mpira ukipasua kimoja hutakipata dukani, kitakatwa kwa kuagiza.

Makaratasi ni mafupi kuyasema na marefu kuyafuata. Mthamini wa benki hupima nyumba kwa kuilinganisha na nyingine zilizouzwa karibu. Uyoga hauna wenzake, kwa hiyo thamani atakayoandika huenda ikawa chini ya bei, na tofauti itatoka mfukoni mwenu. Zungumza na benki na kampuni ya bima kabla ya kutoa malipo ya awali. Siku mkitaka kuuza, mtasubiri mteja mwenye moyo kama wenu. Omba michoro iliyoidhinishwa na kibali cha ujenzi, maana nyumba hizi mara nyingi hujengwa na mwenyewe kidogokidogo, na kibali huwa kilitolewa kwa kitu kingine. Hata vya nje ya nyumba vina sheria. Huko Hillsborough, California, kuna nyumba ya makuba ya mwaka 1976, iliyojengwa kwa kupulizia zege juu ya maputo makubwa. Mwaka 2019 mji ulimshtaki mwenye nyumba kwa sababu ya sanamu za dinosaria alizoweka uani bila kibali. Mwaka 2021 wakapatana, na sanamu zikabaki.

Na watu watakuja kutazama. Kule Rotterdam mche mraba mmoja wa Blom umefanywa makumbusho, wageni waingie hapo wamalize hamu. Ninyi hamna uyoga wa akiba wa kuwapeleka wapita njia, basi angalieni dirisha la sebule linatazama wapi. Mtu akipiga picha nyumba, anawapiga na ninyi mnakula.

Kwa dada yako, mwambie kwamba mchoro wa kitabu cha watoto hauvuji, hivyo hoja yake haina uzito bado. Kama kuna mfereji chini ya ukingo, kama mlio wa sarafu ni mkavu, na kama dirisha moja la juu linafunguka, mimi ningeinunua, kwa bei ya mita 18 za kofia. Mfereji ukikosekana lakini ganda ni zima, bado inawezekana. Fundi anaweza kubandika ukingo mdogo wa kudondoshea maji kuzunguka kofia, na gharama yake muikate kwenye bei. Mabaka ya mtungi yakizunguka utosi, ondokeni, hata watoto wakilia njia nzima hadi nyumbani.